Kliniki Inayoeleza Ugonjwa Kabla ya Kuandika Dawa: Tathmini ya Huduma ya Afya ya Akili Kinondoni

Tathmini hii inahusu kliniki binafsi ya afya ya akili iliyoko wilaya ya Kinondoni, Dar es Salaam, ambako familia yetu imekuwa ikimpeleka mdogo wangu wa kike tangu mwaka jana. Jina la kliniki silitaji kwa sababu mbili: mdogo wangu ameniruhusu kuyaeleza yaliyompata kwa sharti kwamba mtu asiweze kumfuata hadi mlangoni, na sehemu ya niliyo nayo ya kusema ni malalamiko ambayo tumekwisha kuuandikia uongozi. Hata hivyo naamini msomaji atapata cha kumsaidia, kwa kuwa nimeipima huduma kwa kigezo kinachoweza kutumika mahali popote jijini: je, mgonjwa na nduguze wanatoka pale wakiuelewa ugonjwa, namna ulivyotambuliwa, na sababu ya kila dawa iliyoandikwa? Kwa kigezo hicho kliniki hii imezizidi zote tulizopitia, ingawa ina upungufu ambao kwa baadhi ya wagonjwa unaweza kuwa wa hatari.

Anayetoka Kariakoo hupanda mwendokasi wa Morocco na kumalizia kwa bajaji. Kliniki imo katika jengo moja na madaktari wa meno na wa ngozi, jambo nililolipenda, kwa sababu anayeonekana akiingia hana haja ya kujieleza kwa jirani yeyote. Wagonjwa huitwa kwa namba, si kwa majina. Kinachoharibu usiri huo ni dirisha la malipo, ambako mhudumu humuuliza mgonjwa kwa sauti kubwa amekuja na tatizo gani huku watu walioketi kwenye benchi wakisikiliza. Mtu aliyechukua miezi mingi kujikusanya hadi akafika pale hastahili kujibu swali hilo mbele ya hadhara, tena kwa mtu ambaye kazi yake ni kupokea fedha.

Kilichonifanya niandike ni chumba cha daktari. Tuliingia watatu, mimi, mama na mdogo wangu, na daktari, kijana ambaye kwa umri angeweza kuwa mtoto wa mama, alisimama akasema: "Shikamoo mama. Karibuni. Nitaomba kwanza nizungumze na dada mwenyewe, kisha nitawasikiliza nyote kwa pamoja." Mama aliitikia marahaba kwa mashaka, kwa kuwa kote tulikopita yeye ndiye aliyekuwa akiulizwa, na mgonjwa alikuwa akizungumziwa kana kwamba hayupo. Tulisubiri nje kwa muda mrefu. Baadaye mdogo wangu aliniambia kwamba aliulizwa kuhusu usingizi, hamu ya kula, hedhi, ujauzito, pombe, bangi, madeni, misiba, magonjwa ya utotoni, na kama amewahi kufikiria kujiua. Swali hilo la mwisho liliulizwa waziwazi, bila kuzungushwa. Ndugu wengi huliogopa wakidhani kwamba kulitamka ni kumtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo, lakini tafiti hazijaonyesha kwamba kuuliza kwa utaratibu huongeza hatari, na kwa mdogo wangu kuulizwa kulikuwa nafuu, kwa maana hatimaye alipata mtu wa kumjibu ukweli bila kumliza.

Alikuwa amefika akiwa na sonona, yaani huzuni nzito ya kiugonjwa. Haamki kitandani, hali chakula, haogi mpaka asukumwe, na alikuwa ameacha kabisa biashara yake ya vitenge. Katika zahanati moja alikuwa amepewa vidonge vya usingizi tu. Mahali pengine aliandikiwa dawa za sonona baada ya mazungumzo mafupi mno, akazitumia, kisha akaanza kukesha na kuzungumza bila kituo, tukaziacha kwa hofu. Daktari wa kliniki hii alimpa dodoso linaloitwa PHQ-9, lenye maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, ambalo kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3 na jumla ya juu kabisa ni 27. Alama zake zilionyesha sonona kali. Daktari alitufafanulia kwamba dodoso hilo huonyesha uzito wa dalili tu, wala si hukumu, kwa kuwa halisemi dalili zimetoka wapi wala halijui mtu huyo alikuwaje mwaka uliotangulia.

Ndipo alipouliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: kabla ya huzuni hii, kulikuwa na kipindi ambacho alilala saa chache sana na bado hakuchoka? Mdogo wangu alinyamaza. Mama ndiye aliyekumbuka. Miezi kadhaa kabla ya kuanguka, mtoto alikuwa amechukua marobota ya vitenge kwa mali kauli kutoka kwa wafanyabiashara mbalimbali Kariakoo, akawa anawapigia wateja simu saa tisa usiku, akizungumza haraka hadi maneno yanagongana, akieleza kwamba atafungua maduka Mwanza, Mbeya na Lubumbashi kabla mwaka haujaisha. Nyumbani kipindi hicho kilipokelewa kwa furaha, na wajomba walisema kwamba hatimaye amepata akili ya biashara. Kwa daktari, simulizi hilo lilibadilisha kila kitu. Sonona iliyotanguliwa na kipindi cha namna hiyo huitwa ugonjwa wa baipola, na dawa ya sonona ikitolewa peke yake kwa mtu mwenye baipola inaweza kumrusha tena kwenye ule msisimko, jambo linaloelekea kuwa ndilo lililotokea alipotumia vile vidonge vya awali.

Utambuzi wa magonjwa haya, kama alivyotueleza, hautegemei kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoweza kusema moja kwa moja kwamba hii ni baipola au hii ni skizofrenia, ugonjwa unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwapo. Hutegemea historia iliyochukuliwa kwa uangalifu, mgonjwa anavyoonekana na kuzungumza, ushuhuda wa watu wanaoishi naye, na muda ambao dalili zimedumu. Kwa mujibu wa ICD-11, mwongozo wa kuainisha magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika rasmi Januari 2022, msisimko wa baipola huhesabiwa ukiwa umedumu angalau wiki moja, isipokuwa pale matibabu yanapoukatisha mapema. Hata hivyo damu ilichukuliwa, na tulielezwa sababu: homoni za tezi ya thairoidi zikipungua au kuzidi zinaweza kuleta sura ileile ya ugonjwa wa akili, na vivyo hivyo VVU, kaswende iliyofika kwenye ubongo, kifafa na baadhi ya dawa. Kipimo cha ujauzito kilifanywa pia, na umuhimu wake ulionekana wakati wa kuchagua dawa. Shirika hilohilo lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu takribani milioni 40 duniani walikuwa na baipola, na mara nyingi huanza ujanani, umri ambao familia huwa tayari kuita mabadiliko yoyote ukaidi, mapenzi au bidii ya kazi.

Jumamosi kliniki huendesha darasa la familia, na kwa maoni yangu hiki ndicho kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote wanavyouza, ingawa hakilipiwi. Viti hupangwa duara, muuguzi hugawa maji, na watu huuliza wanachotaka. Siku tuliyohudhuria, mama aliuliza bila kuficha: "Daktari, mwanangu amelogwa au anaumwa?" Sikusikia kicheko hata kimoja ukumbini, kwa kuwa nusu ya waliokuwamo walikuja na swali hilohilo. Daktari alijibu: "Mama, sala zako usiziache, na shehe akija kumsomea sina ugomvi naye. Ninachokuomba ni kwamba dawa isisimamishwe ili kisomo kianze, na asiwepo mtu wa kumfunga, kumpiga, kumnyima chakula wala kumnywesha kitu ambacho hatukijui." Jibu hilo lilimtuliza mama kuliko hotuba yoyote ya kumwambia kwamba imani yake ni ushamba. Na lina msingi. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba miongoni mwa watu waliokwenda kwa waganga wa jadi, asilimia 48 walikuwa na matatizo ya kawaida ya akili kama sonona na wasiwasi uliopitiliza, ikilinganishwa na asilimia 24 miongoni mwa waliokwenda kwenye vituo vya afya vya msingi. Anayetaka kuwahudumia wagonjwa wa jiji hili hawezi kujifanya kwamba njia ya kwa mganga haipo, kwa sababu wengi watafika kwake wakiwa wamekwisha kuipita, na wataacha kusema ukweli mara tu watakapodharauliwa.

Kuhusu chanzo, darasa lilieleza kwamba baipola hurithika kwa kiasi kikubwa, lakini si kwa jeni moja linaloweza kutafutwa na kunyoshewa kidole. Mtoto au ndugu wa mwenye baipola ana uwezekano mkubwa zaidi kuliko watu wengine wa kuipata, na bado wengi wa watoto na ndugu hao hawaipati kamwe. Mmoja wa waliohudhuria, mzee wa makamo, aliuliza kama basi aliyemrithisha mwanawe ndiye mwenye kosa, na daktari akamwambia kwamba mbegu haioti bila mvua: kukosa usingizi kwa siku nyingi, msiba, kujifungua, bangi na vilevi vingine vinaweza kuamsha kilichokuwa kimelala, na hakuna mzazi aliyechagua damu ya kumpa mwanawe. Kujifungua ni jambo ambalo alilisisitiza, kwa sababu mwanamke mwenye baipola yuko katika hatari kubwa kuliko wengine ya kupata kichaa cha uzazi katika wiki za mwanzo, na hali hiyo ni ya dharura, si ya kusubiri arobaini ipite.

Hapa nina la kupinga. Ukutani pa ukumbi huo kuna picha kubwa inayoonyesha ubongo wenye upungufu wa kemikali moja, na maelezo kwamba huo ndio chanzo cha sonona. Sayansi haijathibitisha jambo rahisi namna hiyo, na ingawa dawa zinazogusa kemikali hizo huwasaidia wengi, kusaidia kwa dawa hakuthibitishi kwamba kukosekana kwa kemikali ndiko kulikoleta ugonjwa. Wanawake wawili waliozungumza siku ile walisimulia kupigwa na waume zao kwa miaka mingi, na kijana mmoja alieleza mkopo wa simu uliomfikisha mahali pa kuogopa kutoka nje. Watu hao walistahili kusikia kwamba vipigo, madeni, njaa na upweke ni vyanzo halali vya ugonjwa, vinavyoshughulikiwa pamoja na ofisa ustawi wa jamii, na wala si mambo ya kupitia haraka kuelekea kwenye mada ya ubongo. Darasa lilivitaja kwa sentensi chache mno.

Katika matibabu, nilichokithamini ni kwamba daktari alituwekea mezani chaguo zaidi ya moja na kueleza kwa nini alikuwa akielekea upande mmoja. Lithiamu, ambayo daktari John Cade wa Australia aliripoti manufaa yake mwaka 1949, bado ni miongoni mwa dawa bora za kuzuia baipola isirudi, na inapunguza hatari ya kujiua. Lakini kiwango chake katika damu kinatakiwa kukaa katika nafasi finyu, kwa kawaida kati ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita, na kikizidi huwa sumu. Anayeitumia hupimwa damu, figo na thairoidi kwa ratiba. Katika joto la Dar es Salaam, mtu anayetokwa na jasho jingi siku nzima sokoni, au aliyepatwa na kuhara, au anayenunua dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki duka la dawa kwa ajili ya mgongo bila kumwuliza mtu, anaweza kujikuta kiwango kimepanda bila yeye kujua. Kliniki haipimi kiwango hicho yenyewe, bali hutuma sampuli kwenye maabara nyingine na majibu huchelewa. Daktari alilikiri hilo mbele yetu na kusema kwamba asingependa kuanza na lithiamu mpaka awe na uhakika wa vipimo. Nilimheshimu kwa ukweli huo, lakini kwa kliniki inayojitangaza kuwa ya kibingwa huu ni upungufu mkubwa, na ndio wa kwanza katika barua yetu kwa uongozi.

Valproeti, dawa nyingine ya baipola, aliikataa mara moja, kwa kuwa mdogo wangu yuko katika umri wa kuzaa na takribani watoto 10 katika kila 100 waliokuwa tumboni wakati mama akiitumia huzaliwa na kasoro za maumbile, mbali na wale wanaochelewa kukua kiakili. Karbamazepini, ambayo ni rahisi kupatikana, ina hatari yake kwa mimba na vilevile hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, jambo ambalo wanawake wengi waliokwisha kuandikiwa dawa hiyo hawajapata kuambiwa. Alianzishiwa olanzapini, inywewe usiku. Tuliambiwa mapema kwamba inaleta usingizi, huongeza uzito na inaweza kupandisha sukari, na muuguzi alimpima uzito, kiuno na sukari kabla ya kidonge cha kwanza ili pawepo pa kulinganishia. Uzito umeongezeka kweli, naye halipendi jambo hilo hata kidogo, lakini kwa kuwa alikuwa ameambiwa, alikwenda kulalamika kliniki badala ya kuviacha vidonge kimyakimya chini ya godoro, na kipimo cha dawa kikarekebishwa.

Kwa unasihi, mwanasaikolojia wa kliniki alimfundisha kuandika daftari la usingizi, na kupitia daftari hilo walitengeneza pamoja orodha ya dalili zake za mapema: kulala chini ya saa nne kwa usiku miwili mfululizo, kupiga simu ovyo, kuahidi fedha. Yeye mwenyewe, akiwa na akili timamu, aliandika nini familia ifanye dalili hizo zikionekana, ikiwamo kwamba asichukue mali kauli bila mama kujua na kwamba mimi ndiye nimpigie daktari. Mpango huo una sahihi yake. Hakuna sehemu ya huduma hii iliyomrudishia heshima yake nyumbani kuliko karatasi hiyo, kwa sababu tunapomwambia sasa kwamba hajalala tunatekeleza agizo lake, hatumchungi. Bahati mbaya mwanasaikolojia yuko siku chache tu za wiki, foleni yake ni ndefu, na wagonjwa wengi huishia kupata vidonge bila mazungumzo, ilhali kwa sonona isiyo kali mazungumzo yaliyofanywa na mtu aliyefunzwa yanaweza kutosha bila dawa yoyote. Nchini Zimbabwe, mpango ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006 umeonyesha kwamba hata bibi wa mtaani akifunzwa vizuri anaweza kufanya kazi hiyo akiwa ameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Sioni kinachozuia kliniki yenye kipato kama hii kuwafunza wauguzi wake.

Malalamiko mengine ni ya wazi. Vipeperushi vyote vimeandikwa kwa Kiingereza, katika kliniki ambayo sijasikia mgonjwa hata mmoja akieleza maumivu yake kwa lugha hiyo. Ada ya hudhurio la kwanza inalingana na ya daktari bingwa yeyote katika hospitali binafsi za jiji, ambayo si ndogo, lakini muda unaotolewa unaihalalisha. Dawa katika dirisha lao huuzwa ghali kuliko maduka ya nje, ingawa daktari huandika jina halisi la dawa na hamlazimishi mtu kununua pale. Zito zaidi ni kwamba jioni simu ya kliniki huzimwa. Usiku mmoja mdogo wangu alipoanza tena kuzungumzia kufa, hatukupata mtu wa kutuelekeza. Tulikaa naye hadi asubuhi, tukaondoa vidonge na visu alipokuwa, na hatukumwacha peke yake hata msalani. Kliniki inayowahudumia watu walio katika hatari ya kujiua inapaswa kuwapa ndugu namba inayopokelewa saa zote, na isipoweza, iseme siku ya kwanza kabisa waende wapi.

Kwa hali ya dharura, yaani mtu anayetaka kujidhuru, anayetishia wengine, au aliyechanganyikiwa ghafla akiwa na homa au degedege, kliniki hii haifai na haina vitanda. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili, na Mirembe, Dodoma, ndiyo hospitali kongwe ya taifa kwa magonjwa haya. Kumlaza mtu bila ridhaa yake kuna utaratibu uliowekwa na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na familia ina haki ya kuelezwa utaratibu huo kabla ya kuweka sahihi popote.

Kliniki hii naipendekeza kwa mtu ambaye amekwisha kupewa dawa mbalimbali bila kuambiwa anaumwa nini, kwa mwanamke anayetarajia kuzaa huku akitumia dawa za akili, na kwa familia iliyo tayari kukaa darasani Jumamosi. Anayekwenda kwa mara ya kwanza afike asubuhi, abebe makasha ya dawa zote alizowahi kutumia hata kama ni matupu, na aambatane na mtu mmoja aliyeishi naye kwa miaka kadhaa, kwa kuwa maswali yatarudi nyuma kuliko anavyotarajia. Katika dirisha la malipo, akiulizwa tatizo lake, inatosha kujibu kwamba ana miadi na daktari.